Singulariti: pale hesabu za Einstein zinapoishia

Kuna sentensi moja inazunguka sana mitandaoni, naikuta kwenye video, kwenye magrupu, hadi kwenye maswali ya wanafunzi, kwamba katikati ya shimo jeusi kuna nukta ndogo kuliko kitu chochote yenye densiti isiyo na kikomo. Inasemwa kwa uhakika uleule tunaotumia kusema Mwezi unaizunguka Dunia. Leo naomba tuikalie hiyo sentensi kidogo, kwa sababu mi naona inatunyima jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni tamu kuliko hiyo nukta. Hakuna mtu aliyewahi kuigundua. Tulichogundua ni kwamba nadharia bora kabisa tuliyonayo kuhusu uvutano, ukiifuata kwa uaminifu hatua kwa hatua, inafika mahali inanyamaza, na inakwambia yenyewe kwamba imenyamaza.

Stori inaanza mapema sana, mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Einstein anakamilisha milinganyo yake ya rilativiti ya jumla, yaani nadharia yake ya uvutano, Novemba 1915, na milinganyo ile ni migumu balaa, yeye mwenyewe alipoitumia kuelezea mwendo wa sayari ya Zebaki alitumia njia ya kukadiria. Sasa kulikuwa na mwanafalaki wa Kijerumani, Karl Schwarzschild, mkurugenzi wa kituo cha falaki cha Potsdam, ambaye vita kuu ya kwanza ilipoanza alijitolea jeshini akiwa na miaka 40, na Desemba hiyohiyo ya 1915 akiwa upande wa vita na Warusi akamwandikia Einstein barua yenye jibu kamili, si la kukadiria, la jinsi nafasi na wakati vinavyojikunja kuzunguka kitu cha duara kisichozunguka. Miezi michache baadaye, Mei 1916, akafariki kwa ugonjwa wa ngozi alioupatia hukohuko vitani. Kila nikisoma habari zake nasimama kidogo. Kazi ile imeandikwa na mtu aliyekuwa anaelekea kufa, na hadi leo ndo ukurasa wa kwanza wa kila kitu tunachojua kuhusu mashimo meusi.

Kwenye jibu lake kuna sehemu mbili ambapo unajikuta unagawanya kwa sifuri. Ya kwanza iko kwenye umbali fulani kutoka katikati, umbali unaotegemea uzito: kwa Jua ni kama kilomita 3, kwa Dunia yetu ni kama milimita 9. Ya pili iko pale umbali unapokuwa sifuri kabisa. Na hapa ndo pa kuwa makini, maana hizi sifuri mbili hazifanani hata kidogo na ilichukua zaidi ya miaka 40 watu kukubaliana hivo.

Hiyo ya kwanza iliwachanganya watu wakubwa. Mwaka 1939 Einstein mwenyewe alichapisha makala akijaribu kuonyesha kwamba kitu hakiwezi kubanwa hadi kufika kwenye ule umbali, na mwaka huohuo mwanafizikia wa Marekani Oppenheimer na mwanafunzi wake Snyder wakatoa makala inayoonyesha kinyume chake, kwamba nyota nzito iliyoishiwa nguvu inaweza kuporomoka moja kwa moja na kupita. Kumbe tayari padri mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alikuwa ameshaonyesha miaka ya 30 kwamba sifuri ile ya kwanza ni shida ya vipimo tulivyochagua na wala si shida ya ulimwengu. Ni kama kumuuliza mtu aliyesimama kwenye Ncha ya Kaskazini kabisa longitudo yake ni ngapi: swali halina jibu, lakini chini ya miguu yake barafu ni ya kawaida tu, hakuna kilichopasuka. Finkelstein mwaka 1958 na Kruskal mwaka 1960 wakaja na vipimo vinavyopita pale bila kukwama, na tangu hapo ule umbali ukajulikana kuwa ni mpaka wa kutorudi, upeo wa matukio, ukiupita huwezi kutoka wala kutuma ujumbe nje, lakini pale mpakani penyewe hesabu inaendelea vizuri kabisa.

Sasa utajuaje kama hiyo sifuri ya pili nayo si ujanja wa vipimo tu? Unatafuta kiasi ambacho hakibadiliki hata ukibadili vipimo vyako, namba moja inayosema mkunjo wa nafasi na wakati ni mkali kiasi gani mahali hapo. Namba hiyo ipo, na kwa shimo la Schwarzschild inakua kwa umbali uliopandishwa kipeo cha sita, ila upande wa chini wa sehemu. Yaani ukikaribia katikati ukapunguza umbali kwa nusu, namba inapanda mara 64. Punguza nusu tena, mara 64 nyingine. Pale mpakani namba ni ya kawaida, tena shimo likiwa kubwa sana kama lile la katikati ya galaksi ya M87 lenye uzito wa Jua mara bilioni 6.5 mkunjo wa mpakani ni mdogo mno hata mwili wako usingehisi kitu unapopita. Lakini kwenye sifuri ya pili namba inapaa na hairudi, na hakuna vipimo vya kuchagua vitakavyoiokoa. Hiyo ndo singulariti kweli.

Wengi waliposikia hivo walijitetea, na utetezi wao ulikuwa na akili. Walisema jamani, hizo hesabu zote zinachukulia nyota ni duara kamili na inaporomoka kwa usawa kabisa, kila chembe inaelekea katikati kwa wakati mmoja, sasa unategemea nini kama si kugongana hapo katikati? Nyota halisi ina mabonde, inazunguka, ina vurugu ndani, kwa hiyo vipande vitapishana na singulariti haitatokea. Lifshitz na Khalatnikov kule Urusi ya Kisovyeti walikuwa wanaelekea upande huo kabisa, na walikuwa wataalamu wa nguvu si watu wa kubahatisha.

Ndo akaja Roger Penrose, mwanahisabati wa Uingereza. Mwenyewe amesimulia kwamba wazo lilimjia mwaka 1964 akiwa London anavuka barabara na mwenzake Ivor Robinson wakiwa kwenye maongezi, wakanyamaza kidogo kuangalia magari, wakavuka, maongezi yakaendelea, na baadaye jioni akawa anajiuliza mbona najisikia furaha hivi bila sababu, akarudisha siku nyuma kichwani hadi akakumbuka kilichompitia pale barabarani. Makala ilitoka Januari 1965 na haifiki kurasa tatu. Mwaka 2020 ikampa Nobel.

Alichofanya ni hiki, na naomba tukipitie polepole maana ndo moyo wa jambo lote. Chukua uso wa duara, sema kama ganda, halafu kwa mara moja washa mwanga kila mahali juu ya hilo ganda. Mwanga utaenda pande mbili, wa nje na wa ndani. Mahali pa kawaida, wimbi la mwanga linalotoka nje linakuwa kubwa zaidi na zaidi na linaloingia ndani linakuwa dogo, hiyo kila mtu anaielewa. Lakini ukiwa na uzito wa kutosha umebanwa mahali padogo, unafika hali ambapo hata wimbi lililotumwa nje linakuwa dogo. Yote mawili yanasinyaa. Huo uso umenaswa. Na uzuri wake ni kwamba kunaswa huku hakuhitaji duara kamili, ukiusukuma pembeni kidogo, ukiutia mabonde, ukauzungusha, bado umenaswa. Alafu Penrose akatumia mlinganyo ambao Amal Kumar Raychaudhuri alikuwa ameuchapisha mwaka 1955 akiwa Kolkata, India, unaosema kwamba uvutano unalenga mwanga pamoja, haujawahi kuutawanya, mradi tu maada iwe na nishati isiyo hasi. Unganisha hayo, na unatoka na hitimisho: kuna angalau mwale mmoja wa mwanga ambao njia yake inakatika. Unasafiri, unasafiri, halafu basi, nadharia haina pa kuupeleka.

Angalia vizuri kilichothibitishwa. Hakuna popote kwenye ile teoremu, yaani hilo hitimisho lililothibitishwa kihesabu, palipoandikwa densiti isiyo na kikomo. Hakuna nukta. Haikwambii singulariti ina umbo gani, ina ukubwa gani, wala kwamba mkunjo unapaa. Inasema njia inaisha kabla ya wakati wake, basi. Na mi ndo maana ile sentensi ya mitandaoni inaniuma, kwa sababu inageuza kukiri kukubwa kabisa katika historia ya fizikia, nadharia inayothibitisha mwisho wake yenyewe, inakifanya kiwe kama kokoto fulani ndogo iliyolala mahali.

Na hata hilo la "katikati" nalo halikai sawa. Ukishapita mpaka, umbali na wakati vinabadilishana kazi. Nje ya shimo unaweza kwenda mbele, nyuma, kusimama, lakini wakati unakusukuma upende usipende. Ndani, ule umbali wa kwenda katikati ndo unakusukuma upende usipende. Singulariti haiko mbele ya macho yako kama mahali unapopatazama kwa mbali ukapanga kupakwepa, iko mbele yako kama kesho ilivyo mbele yako. Na tunajua hata kesho hiyo iko mbali kiasi gani. Kwa shimo lenye uzito wa Jua, muda mrefu kabisa unaoweza kupata kuanzia mpakani hadi mwisho ni sekunde moja igawanywe mara milioni uchukue sehemu 15 tu. Kwa Sagittarius A*, lile la katikati ya galaksi yetu lenye uzito wa Jua mara milioni 4.3 hivi, ni kama sekunde 66. Kwa lile la M87 ni kama masaa 28, zaidi ya siku nzima, unaweza kula, ukalala, ukaamka. Na hakuna injini ya aina yoyote itakayokuongezea juu ya hapo.

Hapo nimeongelea shimo lisilozunguka, na mashimo halisi yanazunguka. Roy Kerr wa New Zealand alipata jibu la linalozunguka mwaka 1963, na kwenye jibu lake singulariti inakuwa pete, tena kuna mpaka wa pili ndani ya ule wa kwanza. Huo mpaka wa ndani una matatizo makubwa, Poisson na Israel mwaka 1990 walionyesha kwamba mwanga unaoanguka kutoka nje unarundikana pale hadi nishati inalipuka, kwa hiyo hiyo pete wengi hawaamini kama itabaki salama kwenye shimo la kweli. Na Kerr mwenyewe, akiwa na miaka karibu 90, mwishoni mwa 2023 alitoa makala akipinga kwamba teoremu zile zinathibitisha singulariti halisi, hoja yake ni kwamba mwale wa mwanga kuishiwa njia si lazima maana yake kuna kitu kimeharibika pale. Wengi hawajakubaliana naye. Lakini nimependa sana kuona mtu mwenye jina lake kwenye mlinganyo bado anakaa chini anauliza.

Turudi kwenye ushahidi, na hapa kuna kitu watu wa pwani ya Kenya inabidi wakijue na wajivunie. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya falaki ya eksirei peke yake. Ndiyo iliyoona kwamba eksirei za kitu kinachoitwa Cygnus X-1 zinabadilika haraka mno, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kitu kinachobadilika haraka hivo lazima kiwe kidogo, maana mwanga wenyewe unahitaji muda kukivuka. Mwaka uliofuata Webster na Murdin kule Uingereza, na Bolton kule Kanada, wakaona nyota kubwa inazunguka na mwenzi asiyeonekana kila siku 5.6. Leo tunakadiria huyo mwenzi ana uzito wa Jua kama mara 21. Lilikuwa shimo jeusi la kwanza wanasayansi kukubali kwa wingi, na safari ya kulikubali ilianzia kwenye maji ya Malindi.

Baada ya hapo ushahidi umemiminika. Mawimbi ya uvutano yaliyonaswa na mitambo ya LIGO kule Marekani tarehe 14 Septemba 2015, picha ya kivuli cha shimo la M87 mwaka 2019, ya Sagittarius A* mwaka 2022. Na Januari 2025 likanaswa wimbi safi kupita yote, matokeo yake yakatangazwa Septemba mwaka huohuo, mashimo mawili yaliyoungana ambayo mipaka yao kwa pamoja ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 240,000, karibu sawa na Uganda nzima, na baada ya kuungana eneo likawa kama 400,000. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, alikuwa amesema mwaka 1971 kwamba eneo hilo haliwezi kupungua, na kweli halikupungua.

Ila angalia, kila kimoja hapo kinatoka nje ya mpaka. Eksirei zinatoka kwenye gesi inayozunguka kabla haijaingia, picha ni ya mwanga uliopita pembeni, mawimbi ni mtetemo wa nafasi iliyo nje. Penrose mwaka 1969 alipendekeza kwamba maumbile siku zote yanafunika singulariti kwa mpaka, kwamba hakuna singulariti iliyo uchi, na hadi leo hakuna aliyethibitisha pendekezo hilo kwa ujumla wake. Likiwa kweli, tumekwama mara mbili kwa pamoja: nadharia inaishia mahali fulani, na mahali hapohapo ndipo ushahidi hauwezi kutoka.

Kwa nini basi tusichukue fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kabisa kama atomu na chembe zake, tukamalizia? Kwa sababu bado hatujui kwanta ya uvutano ikoje. Tunajua takriban inapoanza kutakiwa, kwenye umbali wa Planck ambao ni kama mita 1.6 × 10⁻³⁵, yaani ukichukua protoni moja ukaigawanya kwa 10, mara ishirini mfululizo, ndo unafika. Kugusa umbali huo moja kwa moja kwa mashine ya kugonganisha chembe kama LHC ya pale Geneva kungetaka nishati karibu mara milioni bilioni ya ile inayofikia sasa. Si suala la kuongeza bajeti hilo.

Kidirisha kimoja kipo, cha Hawking mwaka 1974. Alichukua chembe za kwanta akaziweka kwenye nafasi iliyojikunja kuzunguka shimo, bila kuigusa singulariti, akakuta shimo linatoa joto. Fomula yake ya hilo joto ina namba ya uvutano, ya kwanta, ya kasi ya mwanga na ya joto, zote nne kwenye mstari mmoja, na sijui fomula nyingine fupi inayokusanya fizikia yote namna ile. Joto lenyewe ni dogo mno, kwa shimo lenye uzito wa Jua ni chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya kelvini, wakati anga lenyewe lina kelvini 2.7, kwa hiyo mashimo yote tunayoyajua leo yanapokea kuliko yanavyotoa na kulipima haiwezekani kwa sasa.

Wapo wanaojaribu kwenda hadi ndani. Kundi la kwanta ya vitanzi, Ashtekar na wenzake, hesabu zao za mwaka 2018 zinatoa mkunjo wenye ukomo, singulariti inaondoka na nafasi na wakati vinaendelea upande wa pili. Kundi la nadharia ya nyuzi, Samir Mathur hasa, wanasema ndani ya shimo hamna kabisa, kuna fundo la nyuzi linaloishia palepale kwenye mpaka. Majibu mawili yasiyofanana hata kidogo, na hakuna kipimo kilichoamua kati yao.

Mimi nikiulizwa naamini singulariti itaondoka, na sababu yangu ni ya kihistoria. Zaidi ya miaka 100 iliyopita fizikia ya zamani ilikuwa na janga la aina hii kwenye atomu, elektroni inayozunguka kiini ilitakiwa ipoteze nishati kwa mwanga na iporomokee ndani kwa muda mfupi kupita kiasi, kama sekunde 10⁻¹¹ tu, yaani meza, maji, wewe na mimi tusingekuwepo. Hakuna aliyesema basi katikati ya kila atomu kuna nukta ya nishati isiyo na kikomo. Walisema nadharia imekosa kitu, na kuanzia Bohr 1913 hadi Schrödinger 1926 hicho kitu kikapatikana, na kilikuwa kwanta. Najua mfano wa zamani hauthibitishi lolote kuhusu sasa. Tofauti kubwa ni kwamba atomu walikuwa nayo maabara, mwanga wake wanaupima kila siku, mistari ya haidrojeni iko mbele yao. Sisi mwanga wa ndani hatuna.

Kwa hiyo macho yangu mi yako kwenye mpaka, kwa sababu kama Mathur au yeyote wa upande wake yuko sahihi basi mpaka wenyewe utakuwa na tabia tofauti kidogo na alivyoandika Kerr, na hiyo inaweza kuonekana kwenye mtetemo wa mwisho wa mashimo yanapoungana. Hadi sasa mitetemo yote imekubaliana na Kerr. Kuna mradi wa LISA wa Ulaya, setilaiti tatu zitakazokaa kilomita milioni 2.5 kutoka moja hadi nyingine, uliopitishwa Januari 2024 na unalenga kurushwa 2035, ambao utasikiliza nyota ndogo zilizokufa zikizunguka mashimo makubwa maelfu kwa maelfu ya mizunguko kabla ya kuzama, na kila mzunguko unabeba habari ya jinsi nafasi ilivyojikunja pale. Na kwetu Afrika kuna darubini ya mawimbi ya milimita inayopangwa kujengwa Namibia ili ijiunge na zile zilizopiga picha za 2019 na 2022, itakayojaza pengo kubwa kwa sababu mtandao ule hauna darubini hata moja kwenye bara letu. Ukiwa na mdogo wako anapenda hesabu na fizikia yuko form four au form six, mwambie habari za hiyo darubini mapema, atakapomaliza chuo kazi itakuwa bado ipo.